Simama ya Pili

Tarehe 3 Machi

Kipyenga, mtoro wewe,

Miezi saba tangu uhamie huko kwa mpwa wako, na sijapata hata kipande cha karatasi chenye jina langu. Ningekuwa na masikio ningekupigia simu nikuseme vizuri. Lakini daktari amenieleza kwa maandishi, tena kwa herufi kubwa, kwamba masikio yamekwenda na hayarudi. Miaka ishirini na sita kule juu ndani ya kile kibanda cha winchi ya ujenzi, injini ikinguruma chini ya makalio yangu, ulitegemea nini? Na ujumbe wa simu siuwezi. Kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu.

Basi barua. Nina habari.

Mjukuu wangu, yule mrefu, ameniletea gemu. Usicheke. Unaunganisha kwenye televisheni, unashika kidude cha mikono miwili wanachokiita pedi, na kwenye skrini kuna wapagazi wawili, mmoja wa bluu na mmoja wa njano, vichwa vyao mviringo, miguu mifupi. Kazi yao ni kuhamisha vitu vya watu: makochi, mafriji, makabati ya vioo. Hatua thelathini, na kila hatua ni nyumba mbovu kuliko iliyotangulia. Kochi lina ncha mbili, kwa hiyo mchezo hauchezeki peke yako. Mjukuu anaenda shule. Mama yake, binti yangu mfamasia, ananipenda sana, lakini siku hizi ananiongelesha kama kabati: anapita, ananigusa begani, anaendelea na safari.

Mjukuu anasema watu wawili wanaweza kucheza kwa mtandao, kila mtu kwake. Mpwa wako si fundi kompyuta? Mwambie akufungie. Mimi nipo kila siku saa nne asubuhi. Mimi ni wa bluu.

Rafiki yako wa kibandani,
Kunguru

*

Tarehe 14 Machi

Kunguru, mzee wa juu,

Nimeipata barua yako nikaona haya, kwa hiyo sitajitetea. Shemeji yako anakusalimu, anasema na yeye alinikumbusha niandike, mara nne. Namwambia aache kuhesabu.

Sasa tuzungumze kazi. Jana saa nne nilikuwa nimeketi, pedi mkononi, miwani puani. Nikakuona, wa bluu, umesimama kwenye ncha ya kochi. Nikasimama kwenye ncha yangu. Nikasubiri uinue. Wewe ukasubiri nikupe ishara. Dakika ishirini, Kunguru! Mpwa wangu amepita akauliza kama mtandao umekatika. Nikamwambia hapana, huyu ni dereva wa winchi, hainui kitu mpaka aone mkono wangu, na hawa vibwengo hawana mikono ya kuonyesha chochote.

Nimefikiri usiku mzima nikapata jawabu. Tutatumia miili yao. Nikiruka mara moja: inua. Nikiruka mara mbili: shusha. Nikizunguka: geuza. Nikichuchumaa: simama. Uzibandike ukutani.

Na ukumbuke sheria ya kazini. Unafuata ishara za mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Wako,
Kipyenga

*

Tarehe 29 Machi

Kipyenga, mwana balaa,

Friji! Nikikumbuka lile friji nacheka mpaka kifua kinauma. Tumelitoa jikoni salama, tumelipitisha mlangoni kwa ubavu, tumefika darajani, wewe umeruka mara moja, nikainua, kumbe uliruka kwa sababu umeona kuku! Na mimi nimeinua kweli, na friji likaenda mtoni na sisi wawili nyuma yake. Binti yangu amekuja mbio kutoka chumbani akidhani nimepatwa na kitu. Amenikuta nafuta machozi. Amekaa kwenye mkono wa kiti akatazama mpaka mwisho, na alipoondoka aliniandikia kwenye daftari la sokoni: "Baba, muda mrefu sijakuona hivi."

Tuko hatua ya tisa sasa. Nitakwambia kitu, na usivimbe kichwa. Tangu masikio yaondoke, watu wananiitikia kwa kichwa tu. Wewe ukiruka na kuzunguka kule, naelewa kila kitu. Ni mazungumzo yangu ya siku. Yakikatika, mimi ni kabati kweli.

Lalamiko langu ni lile lile la miaka yote. Kwa nini lazima usimamishe mara mbili? Hata kwenye gemu! Umechuchumaa, nimeona, nimesimama, mzigo umetulia. Halafu unachuchumaa tena, kidogo, kama unanong'ona. Kazini ulikuwa hivyo hivyo: simama kubwa ya mikono miwili, kisha ya pili, ndogo, ya mkono mmoja kiunoni. Na mimi natoa kofia dirishani kukuonyesha kwamba nimesikia, bwana, breki zangu zinashika! Miaka ishirini na sita hukuniamini. Nimesema.

Kunguru

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu mfamasia,

Mimi ni mke wa Kipyenga. Naandika kwako na si kwa baba yako, na nakuomba barua hii asiione.

Wiki iliyopita mume wangu alipanda stuli kubadilisha balbu. Nilimwambia amsubiri mpwa wake. Akasema mtu aliyefanya kazi na vyuma vya tani tano hasubiri mtu kwa balbu. Stuli ikaenda upande mmoja, yeye upande wa pili. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo, umefungwa, na daktari anasema hata ukipona, vidole viwili havitakunjika tena vizuri. Bahati nzuri anaandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana barua zake baba yako ataziona ni zile zile. Lakini pedi inataka mikono miwili.

Nilimwambia, mwambie mwenzako. Amekataa kabisa. Anasema, "Kunguru ana mimi tu wa kuongea naye. Nikimwambia mkono umekwisha, ataniachia nipumzike, atajifanya amechoka na gemu, namjua. Atakaa pale kitini." Mwanangu, yalimtoka machozi, mtu ambaye hakulia hata alipovunjika.

Basi sasa nacheza mimi. Nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini, mikono yangu inajua kutulia. Mume wangu anakaa pembeni na bandeji yake ananiambia ruka, zunguka, chuchumaa, na mimi nabonyeza. Siku ya kwanza nilimtumbukiza baba yako kisimani. Siku ya pili tulivuka hatua mbili. Nikwambie ukweli? Naipenda.

Hofu yangu ni kwamba baba yako atagundua, na akigundua kwa njia mbaya atadhani tumemchezea. Nikisikia kitu kutoka kwako nitatulia. Yuko vipi baada ya kucheza?

Wako,
Shangazi wa cherehani

*

Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Nimeipata, na baba hajaiona. Pole sana kwa mkono wa mjomba, nimeweka dawa ya kuchua kwenye kifurushi hiki, apake ukishafunguliwa, siyo kabla.

Uliniuliza yuko vipi. Ananyoa kila siku saa tatu na nusu ili awe tayari saa nne. Namuuliza, baba, anakuona nani? Anasema, "Kazini ni kazini." Endelea, shangazi. Lakini jihadhari, maana jana amenionyesha skrini akaniuliza, kwa uso wa polisi, tangu lini Kipyenga anafunga milango.

Binti yako mfamasia

*

Tarehe 2 Mei

Kipyenga,

Hatua ya ishirini na nne! Sikujua tuna akili hizi. Mjukuu wangu amewaambia rafiki zake shuleni, na juzi wamekuja watatu kuniangalia, wamekaa sakafuni kimya kabisa, ingawa wangepiga kelele nisingejua.

Ila nina maswali. Mosi, kila tukimaliza kutoa vitu kwenye nyumba, wewe unarudi ndani na kufunga mlango. Nyumba tupu, Kipyenga! Wewe ambaye banda la vifaa uliliacha wazi mpaka mbuzi wakala ramani ya jengo! Pili, juzi ulichukua mto ulioanguka ukaurudisha kwenye kochi, ukaunyoosha. Saa inakimbia, na wewe unanyoosha mto.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha. Unachuchumaa mara moja tu siku hizi. Safi, mara moja, basi. Nimelalamika miaka yote, sasa umeacha, na badala ya kufurahi najikuta nimesimama na kochi mkononi nasubiri ile ya pili.

Nieleze.

Kunguru

*

Tarehe 11 Mei

Kunguru, mpelelezi mkuu,

Mtu ukilalamika sana mwenzako anajirekebisha, halafu unalalamika kwamba amejirekebisha. Nimeamua kuziamini breki zako, ndiyo hivyo tu. Milango nafunga kwa sababu shemeji yako amenifundisha adabu uzeeni. Mito vile vile.

Mimi mzima kabisa. Mikono na miguu, vyote vipo. Saa nne, kama kawaida.

Kipyenga

*

Tarehe 24 Mei

Kipyenga,

Umeona ilichosema mashine jana. Nimeinakili niwe na uhakika: "Hatua ya thelathini haichezwi kwa mtandao. Wapagazi wote wawili wakae kwenye kochi moja." Mjukuu amenielewesha. Skrini inagawanyika katikati: mmoja anafuata nusu ya juu tu, mwingine anafuata ya chini tu, kwa hiyo lazima mkae pamoja, mwambiane. Na nini kinashushwa kutoka ghorofa ya saba? Kinanda kikubwa cha miguu mitatu. Na kinashushwa kwa kitu gani? Kwa winchi, Kipyenga! Wametuwekea winchi! Nimepiga meza mpaka chai imemwagika.

Basi njoo. Safari ni ya siku moja, kitanda kipo.

Sasa jambo la pili, nalisema mara moja tu. Najua si wewe unayecheza. Sijui ni mpwa, sijui ni mtoto gani umempa pedi akae na mzee kiziwi asubuhi ili wewe ufanye mambo yako. Kama umechoka na mimi, niambie wewe mwenyewe. Nilikwambia mwezi wa tatu kwamba yale ndiyo mazungumzo yangu ya siku, na sikusema vile kwa kujipamba. Nimeumia, tena sana. Kuanzia kesho sitawasha mashine mpaka uje ukae kwenye kochi hili nione mikono yako kwa macho yangu.

Kunguru

*

Tarehe 1 Juni

Kunguru,

Umesema uone mikono yangu. Basi nikueleze utakachokiona.

Wa kushoto ni ule ule. Wa kulia niliuvunja mwezi wa nne nikibadilisha balbu, kwenye stuli, mbele ya mke wangu aliyenikataza. Umefunguliwa sasa. Vidole viwili vimenyooka kama misumari, havikunjiki. Siwezi kushika pedi, siwezi kufunga kifungo, na siwezi kukupa ishara ya mikono miwili kama mtu wa kazi. Anayecheza ni shemeji yako. Hakuna mtoto, na wala sijachoka na wewe. Kila siku saa nne nimekaa pembeni yake.

Nilinyamaza kwa woga. Wewe umepoteza masikio, ukabaki na mimi. Nikipoteza mkono, tumebaki na nini? Niliona nikisema tu, mambo yetu yamekwisha. Nimekudanganya kwa maandishi, tena nikaandika "mikono na miguu vyote vipo", na shemeji yako alisoma sentensi ile akatoka chumbani.

Hatua ya thelathini siiwezi. Mtafute mtu mwenye vidole. Nisamehe.

Kipyenga

Shemeji, ni mimi wa cherehani. Milango nitaacha kufunga ukitaka. Lakini ile mito ilikuwa imelala sakafuni, jamani.

*

Tarehe 8 Juni

Kipyenga, mjinga wangu wa siku zote,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilimwita binti yangu, nikamkuta na yeye alijua, nikakasirika upya, na nyumba nzima imekula chakula cha mchana kwa heshima kubwa sana. Mara ya tatu ndipo nikacheka, na nitakwambia kilichonichekesha.

Kaa chini ujibu swali hili. Katika miaka ishirini na sita ya kazi, uliwahi kushika usukani wa winchi hata mara moja? Hata kwa dakika? Hujawahi! Ulikuwa huruhusiwi hata kupanda ngazi! Kushika ilikuwa kazi yangu. Wewe ulisimama chini na kofia yako na kipyenga chako, ukaona nisichokiona, ukanionyesha. Sasa leo unaniandikia kwa huzuni kwamba huwezi kushika. Nani alikuomba ushike?

Njoo na shemeji. Yeye ndiye mwenye pedi ya pili, na amekuwa nayo tangu mwezi wa nne, na ni hodari kukushinda kwa mbali, mwambie nimesema. Atakaa na mimi kwenye kochi. Wewe utasimama pale penye televisheni, pembeni, unaona juu na chini. Mkono mmoja unatosha. Ishara nyingi zilikuwa za mkono mmoja hata hivyo, ulikuwa unaongeza wa pili kwa mbwembwe.

Mjukuu amefuta vumbi kwenye skrini. Mashine nimeizima kweli, sijaigusa, na kila asubuhi saa tatu na nusu nanyoa bure.

Shemeji, funga milango yote unayotaka.

Kunguru

*

Tarehe 2 Julai

Kunguru,

Tumefika nyumbani salama, na shemeji yako bado anasimulia ile hatua ya thelathini. Kwenye basi amemsimulia jirani wa kiti, mtu ambaye hakuuliza. Leo asubuhi kamsimulia mpwa wangu tena, kwa vikombe: hiki winchi, hiki ghorofa, na bakuli la sukari ndilo kinanda. Anasahau tu kusema kwamba vinanda vinne vya kwanza vilivunjika, na kwamba cha tatu kilimwangukia mpagazi wake wa njano, maana ulishusha nilipojikuna.

Lakini cha tano! Ulivyokaa pale kwenye kochi, macho kwangu, hukuitazama hata skrini. Binti yako alikuwa amekata keki, kisu kipo hewani, hakitui. Rafiki za mjukuu wako wamejaa mpaka mlangoni. Nikanyoosha mkono wa kushoto, shusha, shusha, polepole, kushoto kidogo, na wewe ukawa unakwenda na kidole changu kama tulivyokuwa zamani, na shemeji yako huko chini amekipokea kile kinanda kwenye gari kama mtoto mchanga. Nikainua mkono: simama. Kikatulia. Na wale vijana wakapiga kelele hata wewe ukageuka, ukaniambia umeisikia. Ukasema umeisikia kwa miguu, sakafu ilitetemeka.

Halafu nikashusha mkono kiunoni, nikafanya ile ya pili, ndogo. Ukanitazama. Hukuvua kofia kwa sababu hukuwa nayo, ukagusa upara tu. Nikaona afadhali nikwambie, maana pale mbele za watu nisingeweza.

Breki zako sikuzitilia shaka hata siku moja. Simama ya kwanza ilikuwa ya mzigo. Ya pili haikuwa amri. Ulikuwa umekaa kule juu peke yako tangu asubuhi mpaka jioni, huna wa kuongea naye, na mimi huku chini nina watu hamsini. Nilikuwa nakusalimia. Ukitoa kofia dirishani nilijua umeitikia, naendelea na kazi. Nilidhani unajua.

Shemeji yako hakuifanya kwenye gemu kwa sababu sikumwambia aifanye. Niliona aibu kumweleza.

Mpwa ameona gemu jingine la watu wawili, ni la wapishi. Kesho saa nne.

Kipyenga

*

Tarehe 9 Julai

Kipyenga,

Miaka ishirini na sita nimekuwa nikikutukana moyoni kila nikivua ile kofia. Kila siku, mara kumi, mara kumi na tano. Unaniamkia, na mimi nakutukana, na wote wawili tunarudi nyumbani tumeridhika. Nimemsomea binti yangu barua yako kwa sauti, nadhani kubwa mno, kwa sababu jirani amekuja kuangalia kuna nini. Nikafika pale pa salamu nikashindwa, akamalizia yeye, na mimi nikawa namsoma midomo.

Gemu la wapishi tumelianza vizuri, isipokuwa ule moto. Mwambie shemeji supu haihitaji kufunikwa kila dakika.

Na leo tulipomaliza, mpishi wangu wa bluu alichuchumaa mara mbili. Nilikaa nikangoja, na yule wa njano akavua kofia yake ya upishi. Sikujua kama kuna kitufe cha kuvua kofia. Mwambie shemeji anionyeshe kilipo.

Kunguru